Kiwi na brashi, St Marys

Clarisse, nimekasirika kweli kweli!!

Unakumbuka chama chetu cha wasichana kule chuoni Bukavu? Tulivyokuwa tunapiga kiwi viatu vya maprofesa ili wachangie yatima?

Leo nikasema nifufue ile desturi hapa ugenini, St Marys. Nikabeba kiwi, brashi na kigoda, nikakaa mlangoni pa kanisa.

Watu wote wamevaa raba. WOTE. Hata pasta!

Halafu Léocadie, yule rais wa zamani wa chama chetu, ananiambia mbele ya watu: "Weka link ya mchango kwenye simu, watu watume pesa. Nani bado anainamia miguu ya watu?"

Nani bado anainama!! Si yeye ndiye aliyetufundisha kuinama?

Viatu pekee vilivyong'aa leo ni vyangu, dada. Nimevipiga kiwi mwenyewe ndani ya treni, nikirudi nyumbani.