Kibao cha Shingoni Huku Bwera

Kwa dada yangu mpendwa Zainabu, Ujiji,

Umeamkaje huko, na mguu wa mama umepata nafuu? Sisi wazima, ila leo naandika haraka kwa furaha, hivyo unisamehe mwandiko.

Nilikuandikia kuwa Saida wangu ameanza shule. Sikukuambia kwamba alikuwa amegeuka bubu. Mwalimu mkuu mpya aliamuru Kiingereza kitupu tangu darasa la kwanza. Mtoto akinaswa anasema lugha ya kwao ndani ya ua wa shule, huvikwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake naye amkabidhi. Anayebaki nacho jioni hufyeka nyasi. Basi mwanangu, mwenye mdomo kama wako, akaona heri kunyamaza. Alianzia shuleni, mwisho hata nyumbani akawa ananyoosha kidole tu akitaka kitu. Nililia, dada. Nikamwambia mume wangu tumtoe, akakataa katakata. Alisema anayejua Kiingereza hukaa ofisini kule kwenye mgodi wa shaba, na yeye amechoka kubeba chumvi ya Katwe kwa lori. Tukanuniana.

Jana wazazi tuliitwa shuleni. Kelele tupu: hawa wanataka Kiingereza, wale wanataka Kikonzo, lugha ya huku, kwanza. Mwalimu mkuu akagonga meza, akasema ndani ya ua huu lugha ni moja. Ndipo Bwambale, mkulima wa kahawa jirani yetu, akaenda taratibu ukutani kilipotundikwa kibao, akajivika mwenyewe.

"Kingereza mimi hapana jua," akasema. "Basi navaa hii, halafu nasema."

Akasema yote aliyokuwa nayo kwa Kikonzo. Alipomaliza, mama mmoja akakipokea, akavaa, naye akasema yake. Kikazunguka hivyo, asiye nacho hasemi. Sijaona mkutano wenye adabu vile tangu niolewe huku.

Kikamfikia mume wangu. Nikainamisha kichwa, maana nilijua msimamo wake. Akakivaa.

"Mimi nataka mutoto yangu ijue Kingereza, sikatai," akasema. "Lakini siku hizi natafuta sauti yake mu nyumba, siisikii. Muanze na maneno iko nayo."

Yule mbishi, dada! Nilitaka kupiga vigelegele palepale. Mwalimu mkuu akainuka, akaja akamvua kibao kwa mkono wake. Wamekubaliana madarasa ya chini yafundishwe kwa Kikonzo, Kiingereza kiwe somo, mpaka tuone mwisho wa mwaka. Wengine wameondoka wamevimba, na vitabu hatuna, mwalimu ataandika ubaoni. Mimi sijali hata kidogo.

Leo Saida amerudi mbio, ananieleza nani kasinzia darasani na nani kapigana, mpaka mboga ikaniungulia jikoni.

Nisalimie mama, shemeji yangu mumeo, na mjomba fundi viatu. Ningeendelea, lakini Saida amesimama begani pangu, ananikatiza kila mstari, na moyo hauniruhusu kumwambia anyamaze.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi