Sentimita Saba za Barafu

Dada Wytske,

Huku nyumbani Friesland, Uholanzi, mifereji imeganda. Mama hajambo, ila kila asubuhi anauliza, "Wytske anasema barafu ina unene gani?" Nikimwambia tovuti yako ya vipimo vya barafu imefungwa, ananuna. Watu wamesimama ukingoni na viatu vya kutelezea, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Tangulia wewe!"

Kuna jambo nilikuficha. Ile programu ya kuzuia matangazo ya biashara mtandaoni niliiweka mimi, kwenye kompyuta ya Mama na za kijiji kizima. Nikajisifu, "Nimewaondolea kero!" Kumbe kero hiyo, malipo ya matangazo kwenye tovuti yako, ndiyo iliyokulisha, wewe uliyetupimia barafu bure miaka tisa.

Leo nimetoboa barafu nikapima mwenyewe. Ni sentimita saba. Nimekosa pa kutangaza, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nduguyo mwenye haya,
Tjibbe