Afiya Analamba Ukuta

Bi Mbeyu, shikamoo, nakuandikia kwa simu nikiwa Mambrui, mwanangu yuko mapajani, nami nakuomba unijibu leo hii redioni kwa maana naiogopa nyumba yangu mwenyewe. Naitwa Sahla, nimeolewa na Awadh, mtoto wa shangazi yangu, mtoto wetu wa kwanza aliishi siku tisa tu, kifua kikikoroma maji na ngozi ina chumvi hata kila aliyembusu alijifuta midomo, tukazika tukanyamaza, na sasa huyu wa pili, Afiya, ana miaka miwili na kifua ni kile kile, tena maji yakijaa huko ufuoni nasikia na kifua chake kinajaa, yakipwa kinatulia, nasikia kwa masikio yangu.

Hospitalini daktari Ochola alitwambia kwamba chembe za mapafu, za figo na za ngozi zina vilango vidogo vya chumvi, chumvi ikipita maji huifuata na mtu akapumua vizuri, na iko homoni itokayo juu ya figo inayoamuru vilango viongezwe au vipunguzwe, ila kwa Afiya amri inafika na vilango ni vibovu tangu kuzaliwa, ndiyo maana maji yanabaki kifuani na chumvi inamtoka kwa mkojo na jasho, akatupa pakiti za chumvi iliyopimwa za kumtilia kwenye maziwa, asikose hata siku moja, na kweli mtoto akaanza kutembea.

Lakini shangazi, Bi Shekha, alimwita mganga, naye akasema Afiya amechumbiwa na jini wa baharini, na kwa kuwa chakula cha majini hupikwa bila chumvi, basi mtoto naye ale chapwa siku saba ili jini aridhike amwache, nami nikakubali, Bi Mbeyu, nikakubali, shangazi akazifungia pakiti kabatini mwake. Leo ni siku ya pili. Mtoto halii, ananitazama kana kwamba nyuma yangu kuna mtu, na adhuhuri nimemkuta amejikokota hadi ukuta wa upande wa bahari anaulamba, polepole, macho ameyafumba, shangazi akasema, "Mwache, anaagana na nyumba." Awadh yuko kazini Kilifi, hapokei simu, na nikimpinga shangazi nimempinga mama mkwe na dada wa baba yangu kwa pamoja. Nifanye nini?

Majibu ya Bi Mbeyu, hewani alasiri hiyo hiyo

Sahla mwanangu, marahaba. Barua nyingine nimeziweka kando. Pole sana, na umekosea sana, lakini nitakugombeza ukishafika hospitalini.

Afiya haagani na nyumba. Ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe, unatoa chumvi, na mtoto anaitafuta dawa yake mahali pekee mlipomwachia. Wa miaka miwili amemwelewa daktari kuliko ninyi watu wazima.

Mbebe sasa hivi. Usimkorogee chumvi ya jikoni kwa kukisia. Ukifika mlango wa hospitali sema, "Amekosa chumvi yake siku mbili," nao watajua la kufanya. Chumvi ile haivitengenezi vilango wala haikaushi kifua, lakini bila hiyo moyo wake unaweza kusimama. Na shangazi usibishane naye. Mwambie, "Shangazi, nampeleka mtoto," kisha toka. Radhi utaziomba kesho, Afiya hawezi kungoja kesho.

Kuhusu kifua kujaa na kupwa na bahari, sitakudanganya, sijui unasikia nini. Ila yule wa siku tisa hakuchukuliwa na bahari. Nadhani naye alikosa chumvi, na kopo lilikuwa jikoni limejaa, hakuna aliyejua. Safari hii mnajua.

Nimekupigia mara tatu kabla ya kipindi. Mara zote simu imepokewa, mtu anapumua, hasemi, nyuma yake stesheni yetu hii inasikika. Bi Shekha, kama simu ya mkamwanao iko mkononi mwako, fungua kabati.