Upande wa Sita

Jumatano, 2 Juni 1971

Boksi limefika! Wiki kumi na moja. Karani wa duka la Nairobi aliniandikia mwezi wa tatu kwamba ni toleo jipya, opera nzima, rekodi tatu, niagize mapema. Nikaagiza mapema. Likaenda Nakuru kwanza (kwa nini Nakuru, Mungu ndiye ajuaye), likarudi Nairobi, kisha likalala siku nne stesheni chini ya magunia ya mbegu za viazi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu lilishaumia.

Nimelifungua mezani baada ya chai. Jekundu, zito, herufi za dhahabu: Binti wa Mfua Kengele. Nimelinusa. Tryphosa ameniona. Amesema angefurahi kama siku moja ningemnusa yeye hivyo. Mke wangu huyu!

Kisha balaa. Kijitabu hakimo! Kile chenye hadithi na maneno ya waimbaji. Mahali pake papo, chenyewe hakuna. Mwizi wa kijitabu ana faida gani? Na opera yote ni Kicheki. Ingekuwa Kitaliano ningewauliza mapadre wa misheni, wako wengi hapa Nyeri. Lakini Mcheki nitamtoa wapi?

Halafu lebo. Rekodi ya kwanza imeandikwa 1 upande huu na 6 upande wa pili. Ya pili, 2 na 5. Ya tatu, 3 na 4. Mbandika lebo alikuwa amelewa! Afadhali mifuko ya karatasi imeandikwa sawa, I, II, III. Nitafuata mifuko. Nimewaandikia Nairobi barua kali: nataka kijitabu, na nataka kujua ni kiwanda gani hiki kisichojua kuhesabu hadi sita.

Ijumaa, 4 Juni

Nimesikiliza zote baada ya shule. Sielewi kitu.

Rekodi ya kwanza: asubuhi, kengele, msichana anaimba kama mtu aliyeamka na afya. Geuza — anakufa! Hapo huhitaji Kicheki. Sauti inapungua, inakatika. Mwanamume analia. Kwaya inamlilia. Kengele moja inagongwa polepole. Haya. Rekodi ya pili: yuko hai, anaimba! Geuza: anaumwa homa. Rekodi ya tatu: anaposwa. Geuza: harusi tupu, tarumbeta na kengele zote kwa pamoja. Mwisho.

Nani aliandika upuuzi huu? Na kesho kilabu chote cha kusikiliza rekodi kinangoja nikieleze hadithi. Tangazo nililibandika mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Jumamosi, 5 Juni

Nimepata jibu nikinyoa ndevu. Si upuuzi. Ni Ukristo! Binti anakufa mapema. Yanayofuata yote ni roho. Anaimba upande wa pili wa mauti, anaikumbuka homa iliyomuua, kisha anaposwa huko juu, na mwisho ni harusi ya mbinguni. Nimejikata kidevu kwa furaha.

Holi ya kanisa, Ruring'u, saa nane. Watu kumi na mmoja, baridi ya kukata masikio. Mutahi wa ofisi ya misitu amekuja kutoka Chaka ili kunikosoa, kama kawaida. Ana rekodi kumi na mbili tu lakini anaongea kama mwenye mia. Amesema hajawahi kusikia opera inayoanza na kifo. Nikamwambia yapo mengi ambayo hajawahi kusikia.

Nilieleza kila upande kabla ya kuweka sindano. Sijui maneno yalitoka wapi. Kwenye harusi hakuna aliyekohoa, na hawa ni watu wa kukohoa.

Wachuka alilia. Yeye ni fundi wa nguo pale karibu na stendi, na ndiye anayepangusa rekodi kwa flaneli na kuzirudisha mifukoni, maana mikono mingine yote siiamini. Julai mwaka jana alimzika Wacera, binti yake wa pekee. Ilibaki wiki tatu afunge ndoa. Gauni lilikuwa bado kwenye cherehani. Leo alikaa na rekodi ya tatu mapajani, akaipangusa muda mrefu kuliko kawaida. Sikumharakisha.

Jumamosi, 19 Juni

Hasira! Nilibeba boksi jipya la kwarteti, wapigaji wanne tu bila mwimbaji, limefika juzi, kijitabu kimo, lebo zimenyooka. Muziki safi. Nikaweka upande mmoja. Mzee Gatimu akainua mkono kama mtoto wa darasa la pili: ati leo ile ya harusi haiko?

Wote wakaitaka. Watu thelathini na kitu, wengine sijawahi kuwaona. Wamesikia kwa nani? Nikaiweka. Stima ikapotea katikati ya homa. Tukakaa gizani saa kumi kasoro robo mchana, mapazia yale mazito, na hakuna aliyeondoka. Mimi nilitaka kuondoka.

Miaka sita naagiza, nabeba, naeleza tofauti ya toleo hili na lile. Hakuna anayejali. Wanataka binti mmoja afe na afufuke kila Jumamosi.

Jumapili, 20 Juni

Tryphosa anasema nina wivu. Wivu juu ya nani? Juu ya sahani ya muziki, anasema.

Jumamosi, 3 Julai

Wachuka amenisubiri mlangoni. Tarehe thelathini na moja wanafanya maombi ya ukumbusho wa Wacera, nyumbani kwao Chaka. Mwaka mmoja. Msalaba wa mbao utatolewa, wa simiti uwekwe. Akaniomba nije na gramafoni.

"Ndio watu ya kwetu wasikie, Mwalimu. Vile ulisema. Ati hakuishia hapo."

Nimekubali. Nani angekataa? Lakini Chaka kwao hakuna stima. Itabidi niazime ile gramafoni ya shule ya betri. Sindano yake ni msumari! Itakwangua upande wa harusi usifae tena. Nimewaza hilo njia nzima hadi nyumbani, kisha nikaona aibu.

Jumanne, 13 Julai

Barua ya Nairobi. Na kijitabu.

Nimesoma mara nne. Karani anaandika kwa adabu nyingi kuliko nilivyostahili. Lebo hazina kosa. Kuna gramafoni, anaeleza, zinazobeba rekodi zote tatu kwenye mti wa katikati na kuziangusha zenyewe, moja juu ya nyingine. Unasikia upande wa 1, wa 2, wa 3. Kisha unageuza fungu zima, unapata wa 4, wa 5, wa 6. Ndiyo sababu 1 iko mgongoni mwa 6. Viwanda vingi hufanya hivyo. Mteja mwenye mashine ya kawaida anaombwa afuate namba za lebo.

Anaombwa!

Kijitabu kina Kiingereza. Binti anaimba asubuhi. Anapendwa. Anaposwa. Anaolewa. Anaugua. Anakufa. Kwaya inamlilia, kengele inagongwa, pazia. Hakuna roho. Hakuna mbingu. Hakuna hata sala! Mambo yote yale niliyatoa kwenye kidevu changu.

Mbandika lebo hakulewa. Mlevi ni mimi, na sijawahi hata kuonja.

Jumatano, 14 Julai

Nimefunza vipindi sita na sikumbuki hata kimoja. Mvulana mmoja ameandika 7 mahali pa 1 nikamkaripia hadi darasa likashangaa.

Jumamosi, 17 Julai

Nilikwenda na barua mfukoni. Nilikusudia kuisoma mbele ya wote. Nilisimama. Nikasema, "Wapenzi wa muziki, kuna jambo." Wachuka alikuwa mstari wa mbele, flaneli kwenye goti. Amesuka nywele upya.

Nikasema jambo lenyewe ni kwamba viti virudishwe mahali pake baada ya kilabu.

Jumapili, 18 Julai

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Mutahi amekuja kwangu bila kualikwa, ati alikuwa akipita. Nani hupita Ruring'u akitoka Chaka kwenda Chaka? Tryphosa akamwekea chai mezani. Na juu ya meza, mimi mjinga, kijitabu! Nilipotoka chumbani alikuwa amefika ukurasa wa mwisho.

Hakucheka. Ningependa angecheka. Akaangalia rekodi, akaangalia lebo, akaelewa mara moja. Mashine yake ya Kijerumani ndiyo ya aina ile ya kuangusha. Angekuwa ndiye aliyenunua boksi, tusingefika hapa.

"Mwalimu, hii umetufunza ni uongo."

Nikasema ni kosa, si uongo.

"Tangu lini umejua?"

Nikasema Jumanne.

"Basi jana ilikuwa uongo."

Kweli tupu. Namchukia mtu huyu.

Akasema Wachuka ni mama wa watu, si wa kuchezewa, na mtu hajengi imani juu ya lebo. Siku ya ukumbusho nimwambie, au atawaambia watu yeye mwenyewe, kwa upole. Mutahi na upole! Akaomba kijitabu kwa wiki mbili. Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Nadhani nilitaka kitoke nyumbani.

Jumamosi, 24 Julai

Nimeahirisha kilabu. Nimetangaza kwamba gramafoni ni mgonjwa. Mutahi atauita huo uongo wa pili, na atakuwa amehesabu sawa.

Alhamisi, 29 Julai

Nimemwuliza Tryphosa. Nilitarajia ataniambia nimwache mama wa watu na faraja yake. Badala yake akaniuliza mimi naogopa nini hasa, kumuumiza Wachuka au kuonekana sijui kusoma namba. Nikasema Wachuka. Akaendelea kuchambua maharagwe. Nikasema tena, Wachuka. Akasema amesikia.

Sijui. Yote mawili. Miaka sita nimekuwa mtu wa rekodi katika mji huu. Wanafunzi wananionyesha njiani: yule ndiye anajua muziki wa kizungu. Nikisema ukweli nitachekwa hadi Nanyuki. Nisiposema, nitasimama juu ya kaburi la msichana wa watu na kuuza mbingu nisiyoijua. Ningekuwa peke yangu na hasira zangu ningeshinda. Sasa kuna huruma ndani yake na sijui nifanye nini nayo.

Majuto ni mjukuu. Wangu ameshazaliwa, anatambaa.

Jumamosi, 31 Julai. Chaka

Naandika ndani ya stoo ya Wachuka, nimekalia debe. Nje wanaimba. Mhubiri amemaliza, msalaba wa simiti umewekwa, sasa ni zamu ya familia kusema, kisha mimi. Watu ni wengi, labda mia mbili. Mutahi yuko mstari wa pili, tai nyeusi, na kijitabu changu mfukoni. Nimeiona kona yake nyekundu.

Gramafoni ya shule iko hapa miguuni. Betri ni mpya. Nimebeba boksi zima. Nilikuwa nimekata shauri: namwambia yeye peke yake kwanza, hapa stoo, kabla Mutahi hajafungua mdomo.

Basi amekuja. Dakika kumi zilizopita. Kitambaa cheusi kichwani, na flaneli yake. Hata leo! Akalifungua boksi mwenyewe, akaanza kupangusa. Nikasema, "Mama Wacera, niko na neno." Nikatafuta neno lenyewe. Hakuningoja.

"Mwalimu, leo usiweke ile upande ya sita. Hiyo niliisikia ya kutosha. Weka ya nne peke yake, ile ya harusi."

Kilabuni sijawahi kutaja namba. Nilizionea aibu lebo zile, nilisema siku zote: rekodi ya kwanza, upande wa pili. Neno sita halijawahi kutoka kinywani mwangu.

Nikauliza kama ni Mutahi aliyemwambia.

"Mutahi aniambie nini? Si mimi ndio hupanguza? Mimi nikikata koti, kila kipande iko na namba yake. Nilijua hii kitu iko na mpango yake. Siku ya kwanza tu."

Siku ya kwanza! Tarehe tano Juni! Mimi nikipaa na maneno yangu ya mbinguni, na yeye mstari wa mbele, anajua. Nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, mbona basi hakunirekebisha.

Akageuza rekodi, akapangusa upande wa pili.

"Ningekurekebisha, ingeisha na mazishi. Niko na moja tayari, Mwalimu. Nilitaka kusikia mtu akiipanga vingine."

Kisha akasema nilieleza vizuri sana. Kwamba najua kueleza. Sijawahi kusifiwa kwa kitu nilichokosea hivi. Nimelia kidogo, juu ya debe, mtu mzima. Na nina hasira bado! Wiki mbili silali, na mama huyu angenitoa kwa neno moja. Alinyamaza. Nilikuwa namficha ukweli aliokuwa nao mwenyewe kwenye flaneli.

Lakini wale mia mbili nje hawajui. Amewaambia watasikia mahali Wacera alipo. Nikamwuliza niwaambie nini. Wakaita jina lake nje, akatoka, rekodi ya tatu mkononi.

Namsikia sasa. Anawashukuru wajomba. Anawashukuru walioleta viazi. Ameketi.

Na hiyo ni sauti ya Mutahi. Ameomba nafasi. Anasalimia kwa jina la Bwana, mara mbili, wanaitikia. Anasema yuko na jambo dogo kuhusu muziki ambao tunaenda kusikia.

Mlango umefunguka. Ni Wachuka. Amenishikia rekodi ya tatu kwa kingo zake, vile nilivyomfunza, na upande wa nne unatazama juu.