Fraizi ndani ya pilipili

Mama yangu mpenzi wa Beechmont, jambo sana kutoka Hilliard!

Bon, mlisema fraizi, hivi vitunda vyekundu, ni chakula cha ndege. Leo nimewashinda! Kwenye joto hili, dada Furaha alichoma samaki nje. Mimi nikaponda fraizi na pilipili, kitunguu na ndimu, bila chumvi hata kidogo, vile daktari wenu anataka juu ya presha. Shemeji, bwana yake, alidhani ni tomati. Akachovya bugali, akalamba vidole, akauliza: "Nani ameweza chumvi namna hii?"

Nikamwonyesha kikapu cha fraizi. Akasukuma sahani: "Ongeza."

Mungu awalinde, Mama. Jumapili naleta kikapu kizima, donc chumvi yenu muanze kuiaga.

Binti yenu, Neema