Siku Niliyompa Mgongo Mama Mkwe

Jumanne, baada ya Alasiri. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo ni mdogo mno, hata nguo za jirani kwenye kamba hazitikisiki. Siku nzuri kwa mvuvi. Ningependa kusema ilikuwa nzuri kwangu pia.

Naandika kwa haraka, kwa hiyo mkikuta makosa mnisamehe. Naandikia chumbani, mlango nimeurudisha. Nje ya mlango huu, sebuleni, mama mkwe wangu amelala kwenye godoro, mguu umefungwa bendeji. Mke wangu, Mwanahamisi, yuko kando yake, anazungumza kwa simu na kaka yake anayeishi Msata. Nasikia kila neno.

Nitafika kwenye simu hiyo. Kwanza niseme nilivyojiingiza.

Mnaonisoma humu mnajua mimi ni mtu wa mshipi. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye mashua mbele ya Bagamoyo, ndoana chini, uzi juu ya kidole cha shahada. Kwa kidole hicho najua kama aliyegusa chambo ni samaki changu au ni chewa mdogo anayechezea tu. Sijisifu. Au basi, najisifu, maana ndiyo kazi pekee ninayoijua vizuri.

Mwaka huu nikajitia kutaka kujifunza. Changu wamepungua pale nilipozoea, na mimi nimefika umri ambao mtu asipojifunza kitu kipya anabaki kusimulia ya zamani. Nilianzia upande wa Mkange, siku tatu na wavuvi wa mtoni nikitafuta kambale. Niliambulia matope, ndoana nane zilibaki kwenye mizizi, na wenyeji walinicheka mpaka napanda pikipiki kurudi. Niliandika humu, nanyi mkacheka pia.

Baada ya kambale nikasema sasa pweza.

Pweza wa kutembea kwa miguu mwambani, siku za bamvua maji yanapokupwa mbali, huku kwetu ni kazi ya wanawake. Nimekua nikiwaona wakirudi na ndoo zao, na sikuwahi kuwauliza hata swali moja. Sisi wa mashuani tuna neno letu: wanawake wanaokota pweza. Utadhani pweza ni embe.

Anayeijua kazi hiyo kuliko wote ninaowafahamu ni mama mkwe, Bi Riziki. Anaishi Mlingotini, ni mjane, umri umepita sitini, na mwamba ulio mbele ya kijiji chao anaujua shimo kwa shimo. Alianza kwenda akiwa mtoto, akimfuata bibi yake.

Hapo ndipo penye ugumu. Mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Nikienda kwake napiga hodi, nasalimia macho chini, nakula, natoka. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sidhani kama nimewahi kumtazama usoni mpaka akamaliza anachosema. Sasa nimwombe anifundishe kazi ambayo watu huifanya kanga zimepandishwa magotini?

Mwanahamisi ndiye aliyepeleka ombi. Alirudi akasema mama amecheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali. Mwanahamisi naye akaniwekea sharti lake: mama awe ameshatoka kwenye maji kabla hayajaanza kurudi. "Usimcheleweshe mama yangu," aliniambia. "Miguu yake siyo ile ya zamani."

Nikaahidi.

Leo saa tatu asubuhi nilimkuta ufukweni na wenzake watano. Mkononi ana ndoo na kipande cha nondo kilichochongwa ncha. Ndani ya kanga alivaa suruali ya marehemu mumewe, miguuni raba kuukuu. Nilimwamkia, akaitikia, nikageuza macho upande wa baharini kana kwamba kuna kitu kule.

Kati ya ufukwe na mwamba kuna mkondo, kama hatua sitini kuuvuka. Wakati wa kwenda maji yalinifika chini ya goti. Sikuufikiria tena.

Alinifundisha kwa mbali, kila mmoja akitazama kwake. Tafuta shimo lenye maganda ya kaa mlangoni na vijiwe vilivyopangwa, yumo. Mchokoe taratibu, usimchome kwa hasira. Akishika nondo, mwache ashike, atajileta mwenyewe. Kabla sijaelewa hata mlango wa shimo unafananaje, yeye alishatia wawili kwenye ndoo. Shimo langu la kwanza lilikuwa na mkunga, yule samaki kama nyoka, akanitolea meno.

Kisha akaanza kuingia kwenye vidimbwi vyenye kina, na kanga ikapanda. Mimi nikaona adabu ni kusogea. Nikaenda mpaka ukingo wa nje wa mwamba, mbali na wote, nikainama kwenye mashimo yangu. Hakuna aliyeniambia niende. Nilijiona mkwe mwenye heshima zake.

Baada ya muda, kwa pembe ya jicho, nilimwona mama mkwe akivua kanga ya mabegani na kuiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Nikajua anajitengeneza nguo. Nikageuka nikampa mgongo. Nikapiga na hatua mbili tatu zaidi nyuma ya jiwe kubwa, ili asitahayari.

Ile ndiyo ishara yao. Kanga ikiinuliwa, maji yamegeuka, watu watoke. Hakuna aliyeniambia kwa sababu pale hakuna anayeambiwa, wanaijua tangu wasichana. Mimi nimeijua leo mchana, kwenye benchi la zahanati, kutoka kwa mmoja wa wenzake.

Nyuma ya lile jiwe nilipata shimo langu. Maganda ya kaa, vijiwe, kila kitu kama nilivyoelezwa. Nikachokoa, nondo ikashikwa. Nikasikia uzito wake mkononi na nikasahau dunia.

Halafu nikahisi maji yakinigusa kifundo cha mguu, yakitoka nje kuja ndani. Niseme ukweli wote: nilifurahi. Kwa mtu wa mshipi, maji kuanza kujaa ndiyo saa yenyewe. Samaki waliokuwa wamezubaa huanza kula. Miaka yote mwili wangu umezoea kwamba maji yakigeuka unatulia ulipo, unatia chambo kipya, na anayetaka kuondoka unamwona hana akili. Mwili haukujiuliza kama nina mashua chini yangu.

Nikabaki. Sijui kwa muda gani. Pweza anavuta, mimi navuta, maji yakapanda kwenye goti na bado nasema kidogo tu, kidogo tu.

"Mwanangu, mwache huyo."

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Nguo zake zilikuwa zimelowa mpaka kifuani. Nilitazama ufukweni, nikawaona wanawake wamesimama kwa mstari, wadogo kabisa, wakitutazama. Kati yetu na wao kulikuwa na bahari. Ule mwamba mweupe tuliotembea juu yake asubuhi haukuonekana.

Nikaacha nondo, nikaacha na pweza. Tukaanza kutembea.

Hakunigombeza. Alikuwa anahema na kupapasa njia kwa mguu, na mimi nilikanyaga pale alipokanyaga. Mara mbili aliteleza, na mara mbili nilinyoosha mkono kisha nikaurudisha, kwa kuwa ni mama mkwe. Naandika sentensi hii na naona aibu. Mtu anaanguka mbele yako na wewe unapima adabu.

Mara ya tatu alianguka kweli na mguu ukachanika kwenye jiwe. Akainuka mwenyewe.

Tulipofika ukingoni mwa mkondo maji yalikuwa yananifika kifuani hata kabla hatujaingia katikati, na yalikuwa yanakimbia. Nilimwambia tuogelee, mama, ni hapa tu. Nilisema kwa wepesi, kwa kuwa mimi tangu mtoto naogelea bila kufikiri.

"Mimi sijui kuogelea," akasema. "Wewe tangulia."

Ana miaka sitini na kitu, anaingia bahari hii tangu utotoni, na hajui kuogelea. Wala hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango.

Niliogopa. Nimewahi kupasukiwa na mashua, nimewahi kukaa siku nzima juu ya tangi la mafuta tupu nikisubiri kuokotwa, na sikuogopa vile. Nikamwambia anishike shingo. Akasita. Pamoja na maji yote yale, akasita, kisha akashika pindo la shati langu kwa vidole viwili.

Tukaingia. Hatua ya kumi na kitu chini hapakuwa na mchanga tena, na pindo la shati likawa jepesi.

Nilipogeuka hakuwepo. Nilizama, nikashika kanga, kanga ikaja peke yake. Nikazama tena na macho wazi, chumvi na vumbi la mchanga, sioni kitu, nikapapasa mpaka nikakuta mkono. Nikauvuta. Nikapitisha mkono chini ya kidevu chake, nikakata maji kwa mkono mmoja huku nasoma kila aya iliyokuja mdomoni, nyingine nusu nusu. Mkondo ulitupeleka kaskazini mbali na wale wanawake. Wakawa wanakimbia ufukweni kutufuata, na wawili wakaingia mpaka kifuani, wakatupokea.

Alitapika maji kwa muda mrefu. Kisha akaomba kanga nyingine ajisitiri, na mimi nikaambiwa nigeukie kule.

Kwenye bajaji kwenda zahanati aliniita kwa jina la mwanangu mkubwa, kama anavyoniita siku zote. "Baba Salumu, yaishie hukohuko." Nikasema ndiyo, mama. Niliona ananisitiri, nami nilikuwa nahitaji kusitiriwa. Mvuvi wa miaka ishirini na sita, kwenda kusahau maji kama mgeni wa hotelini.

Walimsafisha mguu, wakamshona, wakasema kifua chake kiangaliwe kwa siku chache. Mwanahamisi alifika mbio, kanga moja, viatu tofauti. Na kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasema alichelewa mwenyewe. Tamaa ya pweza, alisema. Watu wote wametoka, yeye kabaki, na asingekuwa Baba Salumu kumrudia leo tungekuwa tunasema mengine.

Mwanahamisi alinishika mkono mbele za watu na kunishukuru.

Nikanyamaza. Wale wanawake watano nao walikuwepo. Wakatazama sakafu, maana mkubwa wao ameshasema.

Mchana wote nimekuwa shujaa ndani ya nyumba hii. Nimeletewa chai, nimeambiwa nipumzike. Majirani wawili wamekuja kumpa pole mgonjwa na kunipa mimi hongera. Chai sijainywa.

Na sasa hiyo simu. Mwanahamisi anamwambia kaka yake kwamba mama ameanza kupoteza mahesabu, kwamba mtu aliyezaliwa pale hawezi kusahau maji kama akili yake bado timamu. Kaka anakubali. Atakuja kesho na basi la asubuhi amchukue mama akakae naye Msata moja kwa moja. Kuna chumba. Kuna wajukuu. Hakuna bahari.

Najua Msata. Ni pazuri kwa anayepita na basi. Lakini mama mkwe akae pale afanye nini bamvua likifika? Ahesabu malori?

Najiambia mengi nikiwa hapa kitandani. Kwamba yeye mwenyewe kasema yaishie hukohuko, na kumtii mkwe ni adabu. Kwamba umri kweli umekwenda, na pengine Msata ni salama zaidi. Kwamba Mwanahamisi akijua hatanisamehe, na atakuwa na haki. Yote yana ukweli ndani yake, na yote nayasema kwa sababu naogopa.

Kisichonitoka kichwani ni alichoniambia yule mwenzake kwenye benchi. Mama mkwe alikuwa ameshavuka. Alikuwa ufukweni, mkavu kuanzia magotini kwenda juu, ndoo ameshaiweka chini. Akahesabu watu, akaona mmoja hayupo. Wenzake wakamshika, akawatoa mikono. Alijua kina cha ule mkondo na alijua kwamba hajui kuogelea, na akarudi.

Akili gani hiyo iliyopotea mahesabu?

Sasa hivi Mwanahamisi amekata simu. Namsikia anamwambia mama yake kwa upole, kama anavyosema na mtoto, kwamba mwamba basi, imetosha, na ile ndoo na vifaa vyake atampa mtu kule kijijini. Nilisubiri abishe. Huyu mama hubisha hata bei ya chumvi.

"Haya, mwanangu," amesema. Basi.

Hili haliwezi kulala mpaka kesho. Kesho asubuhi kaka mtu atakuwa mlangoni na begi litakuwa limefungwa. Haya niliyoandika nitayaweka hewani baada ya kutoka chumbani, siyo kabla. Mke wangu hapaswi kuyasoma kwenye simu.

Nimetafuta pa kuanzia. Nimeacha habari za ishara, za kanga, za heshima, zote zinaanza kunitetea. Nitaanza na maneno haya haya, halafu aniulize anachotaka.

Mama yako alikuwa ameshavuka. Alirudi kunifuata mimi.