Koili ya Nne

Area D,
Dodoma.
Jumapili, 17 Agosti 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Habibu,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo Baba. Utashangaa barua inaanza kwa kuitikia salamu badala ya kuitoa. Sijachanganyikiwa, sababu nitaisema kabla sijaweka kalamu chini. Mimi mwanao Mishi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu huko Busi. Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi hii? Na ile dawa ya macho unaitumia, au imeshakuwa pambo la dirishani? Mwambie mdogo wangu Ikram asikufiche miwani, maana barua hii nataka uisome mwenyewe, usimpe akusomee.

Baba, injini imezunguka! Niliomba nusu saa, Mungu akanipa dakika arobaini na tatu, na hata hapo haikuzima yenyewe, tuliizima sisi kwa sababu wanafunzi walikuwa na kipindi kingine.

Nianze mwanzo. Unakumbuka niliwaambia kwenye simu kwamba chuo kimoja cha ufundi hapa mjini kinatafuta mtu wa kufundisha vijana kusuka mota. Mimi cheti sina. Nilicho nacho ni miaka kumi na moja ya kusuka mota za pampu na za mashine za kusaga, nikiwa nimekaa chini kwenye chumba changu cha mbele, na mikono iliyojaa makovu ya waya. Mkuu wa karakana, Mwalimu Matonya, Mgogo mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alisema basi cheti changu kiwe kitu cha kuonekana kwa macho. Niunde injini ndogo ya mfano inayoendeshwa kwa koili za umeme, izunguke nusu saa mbele ya wanafunzi bila mtu kuigusa. Ikizima, kazi anapewa mwingine. Akanipa siku kumi.

Wewe umeishi na injini ya dizeli, kwa hiyo utanielewa upesi. Hii yangu haili mafuta wala haitoi moshi. Mahali pa silinda nne ina koili nne, yaani vibomba vinne vilivyozungushiwa waya wa shaba. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku na kukivuta chuma ndani yake. Chuma kinavuta mkono, mkono unazungusha ekseli, na ekseli ikizunguka inaukata umeme pale na kuupeleka kwenye koili inayofuata. Betri ya pikipiki inatosha. Waya niliutoa kwenye mota mpya iliyoharibika kabla haijaungua, na ekseli niliikunja mwenyewe, mara tatu, mpaka ikanyooka panapotakiwa.

Siku ya sita nikaiwasha, ikachechemea. Inavuta, inavuta, inasita, kisha inakufa. Nilikaa nayo siku nzima ndipo nikagundua kosa, na nilipoligundua nilicheka peke yangu. Kila koili inatakiwa mizunguko mia tisa, na kaunta ya mashine yangu ya kusukia ilishakufa, nahesabu kwa kichwa. Sasa wewe unazijua salamu za huku kwetu. Mama mmoja akipita anaanza na habari za asubuhi, anashuka kwa watoto, anamaliza na mvua za mwaka jana, na mimi siwezi kumkatisha. Mtoto akikupa shikamoo, humpi marahaba? Nikikatishwa nikiwa mia tatu na kumi na nane, narudi naendelea na mia tatu themanini na moja. Koili zangu zote zilipungukiwa, kila moja kwa kiasi chake, kulingana na uchangamfu wa majirani.

Nikazifumua zote nne. Safari hii nilifunga mlango, nikaweka bakuli la choroko, na kila mizunguko hamsini nikawa natumbukiza punje moja kwenye kikombe. Jenifa, fundi cherehani wa hapa nje, nikamwomba aitikie salamu zangu zote, naye aliifanya kazi hiyo mpaka watu wakauliza kama nimekuwa mwali.

Kilichobaki kilikuwa chuma. Vile nilivyokuwa navyo vilikuwa vyembamba, havivutiki sawasawa, na nadhani nililalamika kwa Mama kwenye simu. Nawe ulisikia. Kumbe ulichukua spana ukaenda kwenye kibanda cha mashine yetu ya dizeli, mashine uliyokataza hata kuku asiikanyage tangu ilipokufa kwa sababu siku moja ungeifufua, ukafungua boliti zake nne za msingi. Jumatano nilikuta mlangoni kifuko cha karanga, na ndani yake boliti zimefungwa kwenye gazeti, bado zina grisi. Jioni ile ile nilizikata, nikazipiga tupa mpaka zikapita kwenye vibomba bila kugusa.

Alhamisi, Baba, ungekuwepo! Wanafunzi zaidi ya thelathini, wengine wamesimama juu ya mabenchi. Mwalimu Matonya akavua saa yake akaiweka mezani. Nikabana waya wa betri, nikasukuma gurudumu kwa kidole, na ikaondoka, ta-ta-ta-ta, sawasawa, kama Mama anavyotwanga na shangazi kinu kimoja. Dakika ya kumi nilianza kupumua. Dakika ya thelathini Mwalimu Matonya alikuwa ameshika kidevu. Mwishoni aliwaambia wanafunzi kwamba hicho ndicho anachokiita usukaji, akaniuliza vyuma vizuri vile nimevipata wapi, nami nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba vimetoka kwenye mashine ya baba yangu, Mzee Habibu wa Busi. Kazi nimepata. Naanza tarehe moja. Najivunia Baba, sitakuficha, najivunia mpaka nalala nikicheka.

Lakini nimeandika hapo juu kwamba kifuko nilikikuta mlangoni, kama mtu aliyetoka safari. Sikuwa safarini. Nilikuwemo ndani.

Jenifa alikuwa ameenda sokoni. Nilikuwa kwenye koili ya nne, mzunguko wa mia sita na arobaini. Ukapiga hodi, ukatoa salamu. Sauti yako niliijua kwa neno la kwanza. Ukarudia mara ya pili, ukarudia mara ya tatu, kama ulivyotufundisha. Nikiwa na choroko kikombeni ningepoteza mizunguko arobaini tu. Niliogopa kwamba nikifungua, itabidi nipike, nikae na wewe kama mtoto anavyotakiwa, na siku itakwisha. Basi niliendelea kuzungusha. Nilipofika mia tisa na kufungua mlango, Jenifa ndiye aliyekuwa akirudi, akaniambia amepishana na mzee wa kanzu akipanda gari la Khalidi la kwenda Busi.

Nilijipa moyo kwamba hukujua. Ila mashine yangu ya kusukia inalia, Baba, na wewe ulikuwa unaujua ugonjwa wa injini ukiwa bado kwenye shamba la pili. Ulisimama nje ukaisikia ikizunguka. Halafu juzi nikampigia Mama, akanipa pole kwa kazi nyingi, akasema ulimwambia kwamba Mishi hukumkuta, ameitwa kwa mteja. Ulinisitiri hata kwa Mama. Nimelia kuliko siku niliyoolewa.

Kumwacha mzazi na salamu yake mlangoni ni jambo zito, najua, na ndiyo maana barua hii imeanza pale ilipoanza. Nisamehe, Baba yangu. Yale mengine yote ya Alhamisi nimewasimulia watu. Hili ni wewe tu.

Barua hii namkabidhi Khalidi. Jumamosi nitakuja mwenyewe na injini, nikuwekee mezani uisikilize. Nitapiga hodi na kutoa salamu. Ukinyamaza sitaondoka, nitasimama hapo nje nihesabu hadi mia tisa, na ukiwa bado kimya nitaanza tena moja.

Msalimie Mama, na Ikram, na shangazi, na wote watakaouliza habari zangu.

Mwanao akupendaye,
Mishi Habibu